Mapigo Niliyoyaandika

Mtaani kwetu Chechelesi nilijulikana kama nesi wa maringo, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Mtu ananitolea salamu kutoka nyuma, sijibu. Kesho tena, sijibu. Kwa Mwislamu kutojibu salamu si jambo dogo, na mimi nilikuwa nimewanyima nusu ya mtaa. Mwishowe mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia alisimama mbele yangu, mtungi mkononi, akanizibia njia.

"Wewe msichana wa Kulamawe," akasema, akinitaja kwa mahali nilikotoka, "sisi tumekukosea nini?"

Nilicheka, nikamwambia nilikuwa na mawazo. Hicho ndicho kilichokuwa kisingizio changu kwa miaka. Kilifanya kazi vizuri kupita kiasi, maana maringo yalisahauliwa na watu wakaanza kunitafutia mume wa kuniondolea mawazo.

Ukweli ni kwamba masikio yangu yalikuwa yanakufa. Mwaka wangu wa pili kazini niliwekwa wodi ya kifua kikuu, na kifua kikuu kikanipata mimi mwenyewe, tena kile sugu kisichosikia dawa za kawaida. Nilidungwa sindano kila siku kwa miezi mingi. Daktari aliniambia mapema kwamba dawa ile huweza kuchukua masikio, nikatia sahihi. Mtu anayetema damu hana muda wa kuyalilia masikio. Nilipona kifua, nikanenepa, nikarudi kazini, nikamshukuru Mungu.

Kisha siku moja nilimuuliza jirani kwa nini muadhini wa alfajiri anaumwa siku nyingi hivyo. Akanishangaa. Muadhini hakuwa mgonjwa, na kipaza sauti kilikuwa kizima, kinaamsha mpaka mbuzi. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kitanda. Kichwani mwangu kulikuwa na mlio mmoja tu, kama sufuria inayochemka chumba cha pili, na mlio huo haujazima mpaka leo.

Sikumwambia mtu kazini. Najua msomaji atauliza kwa nini, na jibu langu halina heshima sana: nilitaka leba, wodi ya kujifungulia. Nilikuwa nimeomba kuhamishiwa leba tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilichoshwa na wodi ambazo watu huingia wamebebwa na hutoka wamefunikwa. Uhamisho ulikuja mwezi uleule wa ile adhana. Ningesema ukweli, ningeupoteza kabla sijaanza.

Basi nikajifunza ujanja. Stethoskopu niliivaa shingoni kama mkufu, na presha nikapima kwa mashine inayoonyesha namba. Simu niliiweka kifuani ili initikise, na kila aliyepiga nilimjibu kwa ujumbe kwamba niko na mgonjwa. Nilisoma midomo. Wakati wa barakoa niliteseka kama kipofu, nikajifunza kusoma macho na mabega. Na nilijifunza jambo moja ambalo sikuliona kuwa kosa wakati ule: mtu asiyesikia huuliza maswali machache. Ukiuliza, lazima usubiri jibu, na jibu linaweza kukuumbua. Ni rahisi zaidi kuangalia mwenyewe na kuamua.

Baadaye nilipata kifaa kimoja cha kusikia, cha sikio la kulia, kutoka kwa wataalamu waliopita mjini kupima watu masikio. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, nikiwa nimejifunika vizuri nisitambuliwe na wenzangu. Kifaa kilikaa chini ya hijabu na hakuna aliyekiona. Kilinisaidia na sauti za watu walio karibu, kwenye chumba kilichotulia. Leba haijawahi kutulia.

Lakini kulikuwa na wagonjwa ambao niliwahudumia vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, nao ni wanawake wa kwetu. Mwanamke wa Kiborana akishikwa na uchungu hapigi kelele. Amefundishwa tangu akiwa msichana kwamba kilio cha leba ni aibu, basi atauma ncha ya shuka na kutazama ukuta. Manesi waliotoka upande wa Meru waliwaogopa wanawake hawa, kwa sababu hujui uchungu umefika wapi mpaka kichwa cha mtoto kimeonekana. Mimi sikuwaogopa. Nilitazama vidole vya miguu vikijikunja, jasho juu ya mdomo, mkono ukitafuta chuma cha kitanda. Sista mkuu wa leba, mama wa Kimeru aliyebakisha miaka michache astaafu, alikuwa akinituma kwa kidole: "Enda uangalie watu yako." Nami nilikwenda nikijivuna. Wao hawalii, mimi sisikii. Niliona Mungu ametupanga pamoja.

Nilikuwa na cheti tu wakati huo, na nikaanza kusomea diploma huku nafanya kazi. Darasani nilikaa mbele kabisa, chini ya pua ya mwalimu. Walimu wengine walisimama mahali pamoja, hao nawaombea mpaka leo. Kulikuwa na mmoja aliyefundisha akitembea, mgongo kwetu, uso kwenye ubao, na somo lake lote nililisoma usiku kwenye vitabu kwa macho yangu mwenyewe. Nilifaulu kuliko waliomsikia. Nilijisifu sana kwa hilo, na sifa ile ilinipoteza.

Ukabaki mtihani wa vitendo. Mtahini angekuja leba, angesimama kando ya kitanda, angeniambia nisikilize moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu na kumtajia mapigo. Fetoskopu ni ile pembe fupi ya bati, upande mpana unawekwa kwenye tumbo la mama na upande mwembamba kwenye sikio la nesi. Tulikuwa na mashine ndogo ya betri inayofanya kazi hiyo na kuonyesha namba, lakini mtihani ni wa pembe. Na pembe ilikuwa na shida yake kwangu. Kifaa changu kikiguswa na bati kilipiga mluzi, kwa hivyo lazima nikitoe. Yaani saa ile ninayohitaji sikio kuliko zote, ndiyo saa niliyobaki na sikio tupu.

Nilifanya mazoezi kila siku. Nilijaribu kushika pembe kwa ncha za vidole ili mapigo yaje kwa mkono. Nilibana taya, nilifunga macho, nilizuia pumzi. Na wiki tatu kabla ya mtihani nilianza kusikia. Kweli kabisa, nilisikia. Ndani ya ule mlio wa sufuria kulikuwa na kitu kinagonga, haraka haraka, dum dum dum. Nililia kwa furaha nyuma ya stoo ya shuka.

Siku ninayotaka kuisimulia, msichana mmoja aliletwa asubuhi kutoka Kinna na mama mkwe wake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, imetimia, na uchungu ulikuwa umeanza usiku. Mama mkwe alikuwa bibi mwembamba mwenye maneno mengi na kikopo cha buni zilizokaangwa kwa samli, tayari kwa dua ya mtoto. Msichana alipanda kitandani mwenyewe, akageukia ukuta.

Sikumuuliza kama mtoto anacheza. Ni swali la kwanza kabisa tunalofundishwa, hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Nilikuwa na haraka ya kuchukua pembe. Nilitoa kifaa, nikakitia mfukoni, nikainama juu ya tumbo lake, nikazuia pumzi. Mwanzo sikupata kitu. Nikahamisha pembe chini kidogo, nikabonyeza sikio kwa nguvu zaidi, na hofu ikanishika kwamba leo nitashindwa. Ndipo nikasikia. Dum dum dum. Nilitazama saa nikahesabu dakika nzima, mia moja ishirini na nne. Mapigo mazuri ya mtoto mzima.

Niliinua uso nikamwambia kwa Kiborana: "Mtoto wako ni mzima, moyo wake uko sawa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Sijawahi kutazamwa vile. Macho yake yalijaa machozi, nikadhani ni uchovu. Mama mkwe alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea, kisha akafungua kikopo kabla ya wakati wake na kunitilia buni tatu kiganjani. Nilizitafuna palepale. Nilihisi samli mdomoni mpaka saa sita.

Kila nusu saa nilirudi na pembe, na kila nusu saa nilipata kitu. Mia moja ishirini. Mia moja ishirini na sita. Nilitia nukta zangu kwenye karatasi ya leba, nikaziunganisha kwa mstari, na mstari ukapendeza. Mashine ya betri ilikuwa chumba cha pili, hatua kumi. Ningeweza kuiomba. Sikuiomba, kwa sababu Sista angeuliza kwa nini siamini sikio langu, na kwa sababu nilikuwa naliamini.

Mtoto alizaliwa adhuhuri. Alikuwa wa kiume. Sista alikuwa amekuja kunisaidia, na ni yeye aliyempokea, na mara moja nikaona mabega yake yakishuka. Ngozi ya mtoto ilikuwa imeanza kubanduka kwenye kifua na miguu. Kila mtu wa kazi yetu anajua maana ya ngozi ile. Mtoto hakufa asubuhi hiyo. Alikuwa amekufa siku moja kabla, au zaidi.

Sista alimfunga kwenye shuka, akamlaza. Kisha akachukua karatasi yangu na kuitazama kwa muda mrefu, nukta moja baada ya nyingine, halafu akanitazama mimi. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Alinivuta mpaka stoo, akafunga mlango, akasimama mbele yangu. "Hii moyo uliandika," akasema polepole, "ulisikia wapi?"

Nilitoa kifaa mfukoni nikamwonyesha. Nilimweleza yote, sindano, adhana, mashine ya presha, mazoezi ya pembe. Alikaa juu ya boksi la glavu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kitu ambacho nilikuwa nimekisoma kitabuni na kupata alama zote: mtu akibana sikio sana kwenye pembe, na yeye mwenyewe ana wasiwasi, husikia damu yake inavyopita sikioni. Ndiyo maana tunaambiwa tushike mshipa wa mkono huku tunasikiliza, tulinganishe. Mimi mikono yangu miwili ilikuwa imeng'ang'ania bati.

"Mtoto ilikufa kabla ifike hapa," akasema. "Hujaua mtu. Hakuna kitu ungefanya." Akatoa karatasi mpya ya leba na kalamu yake. "Andika upya. Weka moyo haikusikika tangu asubuhi. Diploma yako iko wiki mbili hapo mbele. Mimi nitatia sahihi."

Sijawahi kupendwa na mkubwa wangu namna ile, na sijawahi kuumia vile. Nilishika kalamu. Niliandika jina la mgonjwa, umri, saa ya kufika. Nilipofika kwenye mstari wa moyo mkono ulisimama. Karatasi ningeweza kuibadilisha. Lakini nilikuwa nimemwambia mtu kwa mdomo wangu, nikimtazama usoni, na mtu huyo alikuwa ng'ambo ya ukuta. Nikairudisha kalamu.

Nitayasema ya mbele hapa, ili nisirudi kuyasema. Karatasi ya kwanza ilibaki ilivyo na nikaandika chini yake kilichotokea. Kulikuwa na kikao, kukawa na maswali, na sikio langu likapimwa na watu wanaojua kupima. Sikufukuzwa. Niliondolewa leba. Mtihani wa vitendo sikuufanya, na diploma imebaki nusu mpaka leo, nimewekea vitabu vyake mfuko wa plastiki vumbi lisiingie. Sasa niko chumba cha chanjo. Ninadunga watoto wa watu wengine, wanalia kwa nguvu, na mama zao hunisifu kwamba sishtuki. Sasa kila mtu anajua. Yule mama wa maziwa huja mbele yangu, ananigusa bega, ndipo anatoa salamu. Kifaa nakiacha nje ya hijabu siku zingine, kwa ukaidi tu.

Watu wamenifariji sana, na faraja zao zinanichosha. Wananiambia mtoto alikuwa ameshakufa, kwa hivyo sikumnyang'anya mtu kitu. Mimi mwenyewe nilijiambia hivyo nilipokuwa natoka stoo siku ile kwenda kwa yule msichana. Nilijiambia nimempotezea saa tano tu za ukweli, si zaidi.

Alikuwa amelala chali, uso umefunikwa kwa mtandio. Mama mkwe wake alikuwa nje, anatafuta gari la kuwarudisha Kinna ili mtoto azikwe siku hiyohiyo. Nilivuta kiti, nikagusa mkono wake, akafunua uso. Macho yalikuwa makavu. Nilimwambia kwa Kiborana, taratibu, bila kuzunguka, kwamba mimi sisikii vizuri. Kwamba asubuhi nilipomwambia mtoto ni mzima, sikuwa nimesikia mtoto. Nilimwomba msamaha.

Aliegemea kiwiko. Kisha akauliza, "Ulihesabu. Nilikuona unatazama saa. Huo moyo uliouhesabu ulikuwa wa nani?"

"Ulikuwa wangu," nikasema.

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakutaka kununua. Halafu akaanza kusema, akinitazama, na alisema bila hasira.

"Mimi nilijua. Tangu juzi jioni hakucheza. Nililala upande huu, nikalala upande ule, nikanywa maji baridi, hakucheza. Nikajua. Nililia jikoni usiku ule, peke yangu, mpaka nikamaliza. Sikumwambia bibi. Kwetu mwanamke hatamki mwenyewe kwamba mtoto wake amekufa, anangoja wanaojua watazame kwanza. Nilikuja hapa nimeshamaliza kulia, nije tu mnitolee mtoto. Ukaweka sikio ukaniambia ni mzima. Nikasema, huyu amesoma, mimi ni mjinga tu. Nikampa jina. Saa ile ulipokwenda kuandika, nikampa jina."

Nilimuuliza ni jina gani. Alifunika uso tena.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye kile kiti, mkono wangu kando ya mkono wake bila kumgusa, mpaka bibi akarudi kusema gari limepatikana. Nilimbeba mtoto mimi mwenyewe mpaka kwenye gari, nikamweka mapajani mwa mama yake, na mlango ukafungwa.